Simu ya Laki Mbili

Boksi la simu ya bei nafuu haliishiwi maneno. Pita kwenye maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, usome yaliyoandikwa ubavuni: kamera ya megapikseli 50 yenye akili mnemba, betri ya mAh 5,000, RAM hadi GB 8, kioo cha inchi 6.6. Bei ni laki mbili na kitu, na maelewano yapo. Kijana wa dukani hasubiri uulize. "Boss, hii kazi yake ni ile ile ya simu ya milioni." Kwa wiki za mwanzo anasema kweli kabisa.

Lililo muhimu kuliko yote limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona, na mara nyingine stika ya bei imelifunika nusu: GB 64. Kwenye zile za chini zaidi ni 32. Nimeishi na simu za aina hii, zangu na za ndugu, na nikiulizwa zinakufa kwa ugonjwa gani sitaji kioo wala betri. Zinakufa kwa kujaa.

Hesabu yenyewe iko hivi. Simu ya GB 32 haikupi GB 32. Mfumo wa Android na programu zilizokuja nayo vinachukua zaidi ya GB 10 kabla hujapiga picha hata moja. Zinazobaki unagawana na WhatsApp, na WhatsApp ya Mtanzania ni ya umma. Kuna kundi la ukoo, kundi la wazazi wa darasa la pili, la kikoba, la jumuiya au la msikiti, na msimu ukifika kamati mbili tatu za harusi zinakwenda kwa pamoja. Alfajiri yanashuka maua ya "asubuhi njema", inafuata video ya mawaidha, kisha sauti ya dakika nne ya mweka hazina akisoma majina ya ambao hawajamaliza michango. Usipozima upakuaji wa moja kwa moja, vyote vinaingia na kukaa. Halafu shangazi anakutumia video ile ile uliyokwisha kuipata kwenye kundi jingine, nayo inakaa.

Siku onyo la nafasi kujaa linapotokea, mwenye simu anageuka mtunza stoo. Hakiingii kitu mpaka kitoke kingine. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HESLB anafuta programu ya benki ili apate pa kuweka nakala za vyeti alivyovipiga picha, kesho yake anairudisha, na kila kuirudisha ni bando. Picha za msiba wa babu hazifutiki, nani atakubali? Za send-off nazo bibi harusi mwenyewe ameomba zitunzwe. Memori kadi inasaidia nusu ya safari: picha na nyimbo zinahamia, ila programu nyingi na data zake zinang'ang'ania hifadhi ya ndani.

Kuna na sababu ya kiufundi inayofanya kujaa kuume zaidi kwenye simu hizi. Hifadhi zake huwa za aina ya eMMC, ambayo kasi yake ni ndogo kuliko UFS iliyomo kwenye simu za bei ya juu. Ikikaribia kujaa, simu inakosa nafasi ya kuhamishia data zake inapoandika kitu kipya, na kila kazi inakuwa nzito. Ndiyo maana simu iliyokuwa nyepesi Januari inaganda Oktoba wakati unafungua kitu kile kile. Tunasema imezeeka, tunaanza kuulizia bei ya nyingine. Nyingi kati ya hizo zingefutwa GB 5 za video za makundi zingeamka.

Kwenye RAM pana ujanja wa kuangalia kwa makini. "RAM hadi GB 8" kwa simu nyingi za daraja hili maana yake ni GB 4 za kweli na GB 4 za kukopa kutoka kwenye hifadhi. Zipo hata zinazotangaza 12, yaani 4 na 8. Hifadhi haina kasi ya RAM, kwa hiyo hicho kinachoongezwa hakifanyi kazi inayodhaniwa, tena kinachukuliwa kutoka kwenye nafasi ile ile uliyokuwa ukiililia. Kwa simu yenye GB 64 kushuka chini, mimi huizima huduma hiyo kwenye mipangilio siku ya kwanza. Muuzaji hatakwambia, na pengine naye hajui.

Kamera nazo. Nyuma ya simu utahesabu duara tatu. Moja ni kamera, nyingine ni taa, na ile ya katikati mara nyingi ni lenzi saidizi ya megapikseli 0.08, ambayo haiwezi kutoa hata picha ya pasipoti. Mchana simu inapiga vizuri tu. Ukumbini saa tatu usiku, chini ya taa za bluu za MC, usiitegemee.

Nikiishia hapo nitakuwa kama wale jamaa wenye simu za milioni tatu wanaozicheka hizi kwenye daladala, nao hawana bando. Simu hizi zimefika mikononi mwa watu wengi kwa sababu kuna mtu alikaa chini akaangalia tunavyoishi. Tecno, itel na Infinix zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, aliyekuwa akiuza simu za kampuni nyingine ya China iitwayo Ningbo Bird. Badala ya kugombania soko la nyumbani, Transsion ilielekeza nguvu Afrika, na mwaka 2019 hisa zake zikaingia kwenye soko la Shanghai kwa nguvu ya biashara ya huku. Mwenye umri wa kutosha anakumbuka zama za kutembea na laini tatu kwenye pochi: unampigia wa mtandao mwingine, unafungua mgongo wa simu, unatoa betri, unachomeka laini, unasubiri iwake. Kupiga nje ya mtandao wako kulikuwa ghali mno. Waliotuletea laini mbili kwenye simu ya bei ndogo walitatua shida ambayo kampuni kubwa za wakati ule zilikuwa hazijaiona kuwa shida. Baadaye wakarekebisha kamera ili ipime mwanga vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa kuifundisha kutafuta macho na meno, maana kamera nyingi zilikuwa zikitugeuza vivuli.

Kwa jicho hilo hilo tazama vitu ambavyo simu ya laki mbili bado inavyo na ya milioni tatu imeviacha. Tundu la earphone: Apple iliondoa lake mwaka 2016 ilipotoa iPhone 7, wengine wakafuata. Redio ya FM, inayotumia waya wa earphone kama antena na haihitaji hata MB moja. Mlinzi wa usiku anasikiliza Simba na Yanga bila kumwomba mtu bando. Nafasi ya memori kadi pamoja na laini zote mbili, si kuchagua kimoja. Haya hayamo kwenye matangazo ya televisheni, lakini mama muuza genge akiambiwa achague kati ya redio na kamera ya pili, sioni akihangaika kufikiri.

Betri ndiyo fahari yao halali. mAh 5,000 kwenye kioo cha pikseli 720 na prosesa isiyo na tamaa kubwa ya umeme, simu inaamka Jumatatu na kulala Jumanne. Waliokuwa Dar es Salaam wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, wanajua thamani ya siku hiyo ya pili. Upungufu uko kwenye kuijaza. Chaja ya ndani ya boksi huwa ya wati 10, na betri ya ukubwa huo inabeba kama wati-saa 19. Kwa karatasi ni saa mbili, kwa uhalisia ni tatu. Kijijini unakoilipia chaji kwenye kibanda cha sola, saa tatu ni foleni.

Kazi za lazima inazimaliza. Kununua LUKU, kulipia kwa lipa namba, kuangalia matokeo ya NECTA, kupata nakala ya namba ya NIDA: hakuna hata moja inayohitaji simu ya gharama. Pesa za simu zenyewe hazihitaji hata simu janja. *150*00# inafanya kazi kwenye kiswaswadu cha elfu thelathini. Panapoonekana tofauti ni kwenye biashara ndogo. Dada anayeuza vitenge Mbagala anaweka picha saba kwenye status asubuhi, na ikifika mchana tano zina wenyewe. Hakodi fremu, hana msaidizi. Simu ya laki mbili kwake ni duka, na inajilipa ndani ya mwezi kama mzigo unatoka.

Kuna kasoro ambayo ni nadra kutajwa, nami naiona kubwa: simu nyingi za chini hazina kihisi cha dira. Ukisimama Ubungo na kufungua ramani, simu inajua uko wapi ila haijui umeelekea wapi. Mshale wa bluu unabaki duara tupu, au unaangalia Kimara wakati wewe unatazama Manzese, mpaka uanze kutembea ndipo ujirekebishe. Kwa bodaboda wa kuitwa kwa programu, hapo ndipo anapokwenda hatua hamsini upande usio wake huku abiria anapiga kelele kwenye simu. Muislamu aliyesafiri akafungua programu ya kibla anaambiwa kifaa chake hakitumiki, au mbaya zaidi anaoneshwa mshale usiosogea hata akigeuka. Boksi haliandiki "haina dira". Njia ya kujua ni kufungua programu hiyo ya kibla, au ramani, ukiwa bado dukani, ugeuke taratibu na kuangalia kama mshale unakufuata.

Bodaboda huyo huyo ana la ziada: jua. Kioo cha bei ndogo hakina mwanga wa kushindana na saa saba mchana, kwa hiyo ukipita barabarani utawaona wamevua kofia na kuifunika simu ili wasome jina la mtaa.

Sasa fundi. Hapa simu ya laki mbili inaishinda ya milioni mbili waziwazi, na sijui kwa nini watu hawalipi jambo hili uzito. Simu ikianguka ikapasuka kioo Kahama au Masasi, toleo linalouzwa sana lina kioo chake kwenye droo ya fundi wa stendi, betri yake ipo, na tundu la chaji analibadilisha ukiwa unakunywa chai. Toleo la kigeni la bei kubwa linasubiri mtu anayekwenda Dar. Ndiyo maana kabla ya kununua napenda kuwauliza mafundi kwanza, wauzaji baadaye: ni zipi zinazorudi sana, na za nini. Fundi hana kamisheni ya boksi. Atakwambia ile inasumbua tundu la chaji, ile nyingine kioo chake ni ghali kupita thamani ya simu.

Upande wenye giza ni wa programu zinazokuja ndani. Ukiiwasha simu mpya inakukaribisha na duka lake la programu, kivinjari chake, programu ya muziki, michezo, na matangazo yanayoibuka bila kuitwa. Baadhi hazifutiki, unaweza tu kuzizima. Ni sehemu ya bei: simu inauzwa kwa faida ndogo, na macho yako yanafidia. Kuna wakati jambo hili lilivuka mpaka. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Misri, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini, zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper zilizokuwemo tangu zilipotoka boksini. Zilikuwa zikijaribu kuwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia bila wao kujua, na kula salio. Transsion ilisema aliyehusika ni msambazaji mmoja katika mnyororo wake na kwamba marekebisho yalitolewa. Mtu aliyekuwa akinunua vocha ya mia tano ikayeyuka alidhani mtandao unamwibia.

Linaloambatana na hilo ni masasisho ya usalama. Simu ya bei ndogo hupewa machache kisha husahaulika. Hali inaanza kubadilika kwa daraja la juu kidogo. Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 iliahidi miaka sita. Kwa laki mbili usitarajie ahadi hiyo. Na mwisho wa masasisho haubaki kuwa jambo la wataalamu tu: Oktoba 24, 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0, na watu walioamka asubuhi ile na simu nzima zisizo na nyufa walijikuta hawana mawasiliano na familia.

Bei yenyewe haikai mahali pamoja. Julai 2021 serikali iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa. Kenya imejaribu njia ya kuziunganisha nyumbani: kiwanda cha Athi River kilizinduliwa Oktoba 2023 kikiuza kuanzia shilingi 7,499 za Kenya. Ila njia iliyoshika kasi kuliko zote ni mkopo. Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020, simu ya 4G kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na mtindo huo sasa uko kila stendi kubwa ya kanda hii, Tanzania ikiwemo.

Piga hesabu ya mfano. Simu ya 250,000 taslimu unaichukua kwa kianzio cha 50,000 na 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Ukimaliza umelipa 597,500. Elfu moja mia tano haiumi, ni bei ya chapati na supu ya asubuhi, ndiyo maana mtu hakumbuki kuzidisha kwa 365. Sitamlaumu anayeichukua, asiye na laki mbili na nusu kwa mkupuo hana soko jingine la kwenda. Kinachonikera ni kufuli. Ukichelewa, kioo kinafungwa, unabaki na ujumbe wa kulipa na namba za dharura. Bodaboda aliyelala na homa siku tatu anaamka kutafuta hela ya deni, na kifaa cha kumpatia wateja ndicho kilichofungwa. Mkopeshaji wa pikipiki angalau akiichukua pikipiki anajua ameiua kazi. Wa simu anaona ametuma kikumbusho.

Kuhusu feki, hofu imepungua tangu TCRA ilipozizima usiku wa Juni 16, 2016, ila bado piga *#06# dukani, linganisha tarakimu za IMEI na zilizo kwenye boksi, na uzitume kwenye 15090, namba iliyotangazwa wakati ule kwa uhakiki. Muuzaji akikunja uso kwa hilo, maduka ya Aggrey ni mengi.

Limebaki swali ambalo kila mwenye laki tatu huniuliza: achukue mpya ya bei nafuu, au ile ya jina kubwa iliyotumika, maarufu kama "used ya Dubai"? Ya Dubai ina kamera bora, kioo bora, na kasi ambayo mpya ya bei hiyo haitaifikia. Ina pia betri ambayo imeshachoka kiasi usichokijua, pengine ilishafunguliwa, na garantii ya mdomo ya muuzaji mwenye meza ya kukunja. Kama picha ndizo zinazokulisha, unapiga mashati au keki za kuuza, chukua ya Dubai na utenge hela ya betri mpya. Wengine wote nawaambia wachukue mpya, lakini wakubali kuongeza elfu hamsini au sitini ili watoke kwenye GB 64 waende 128. Wengi wanaitikia, wanakwenda Kariakoo, na wanarudi na ya GB 64 iliyokuwa na kava la bure.